Takwimu za kina za kikapu zinapima nini, na kwa nini Bill Russell ana 18.9

Tarehe 2 Machi 1962, katika NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, Wilt Chamberlain aliifunga New York Knicks pointi 100. Alirusha mitupo 63 ya kawaida na mitupo huru 32. Tarehe 22 Januari 2006, Kobe Bryant aliifunga Toronto Raptors pointi 81 kwa mitupo 46 ya kawaida na mitupo huru 20. Karatasi ya mchezo inasema Wilt alifunga nyingi zaidi, basi. Takwimu za kina zinaanzia hapo: ni hesabu zinazochukua namba za kawaida za mchezo na kuuliza kila pointi ilipatikana kwa gharama gani, kwa kasi gani, na timu ilifaidika kiasi gani.

Kipimo rahisi kuliko vyote huitwa TS, yaani asilimia halisi ya ufungaji. Chukua mitupo huru, zidisha kwa 0.44, ongeza mitupo ya kawaida, zidisha jumla kwa 2, kisha gawanya pointi kwa jibu hilo. Kwa Wilt: 32 mara 0.44 ni 14.08, ongeza 63 upate 77.08, mara 2 ni 154.16, kwa hiyo 100 gawanya kwa 154.16 ni asilimia 64.9. Kwa Kobe inatoka 73.9. Hiyo 0.44 inatokana na kwamba mitupo huru kwa kawaida huja miwili miwili, hivyo mmoja ungekuwa nusu ya shambulizi, yaani nusu ya zamu moja ya timu kuwa na mpira. Lakini kuna ule mmoja anaopewa mchezaji aliyefunga huku akichezewa faulo, na ule wa faulo ya kiufundi, ambayo haili shambulizi jipya. Ni wastani wa ligi nzima, kwa hiyo mtu anayefunga sana huku akichezewa faulo hupunjwa kidogo.

Kosa la kwanza wanalofanya watu ni kuichukua TS ya zamani na kuiweka kando ya ya leo. Msimu wa 1961-62 Wilt alikuwa na wastani wa pointi 50.4 na TS ya 53.6. Leo mchezaji mwenye 53.6 angeambiwa anaharibu mipira. Ila ligi yenyewe msimu ule ilikuwa kwenye 47.9 hivi, maana yake Wilt alikuwa karibu pointi 6 juu ya wenzake huku akirusha mitupo mingi kuliko mtu yeyote. Mpime mchezaji na watu aliocheza nao, la sivyo unapima enzi tu.

Kosa la pili ni la kasi. Msimu ule kila timu inakadiriwa kuwa na mashambulizi kama 126 kwa mchezo. Siku hizi ni karibu 100. Tukimshusha Wilt hadi dakika 36 na mashambulizi 100, zile 50.4 zinabaki karibu 30. Hesabu ni sahihi, lakini tazama ilichofuta: alicheza wastani wa dakika 48.5 kwa mchezo wa dakika 48, kwa sababu ya muda wa nyongeza, na msimu mzima alikosa dakika 8 tu. Vipimo vya kwa-dakika vinauona ustahimilivu huo kama si kitu. Isitoshe, hata hiyo 126 ni makadirio. Ili kuhesabu mashambulizi unahitaji mipira iliyopotezwa na ribaundi za kushambulia, yaani mipira timu inayoidaka tena baada ya kukosa mtupo wake, na NBA haikuwa ikiziandika.

Hapo ndipo upangaji wa magwiji unapokwama, na kwa maoni yangu ndiyo hoja nzito kuliko zote. Bloku (mitupo ya mpinzani iliyozuiwa hewani), mipira iliyoporwa na mgawanyo wa ribaundi kati ya za kushambulia na za kuzuia vilianza kuandikwa msimu wa 1973-74. Mipira iliyopotezwa na kila mchezaji, 1977-78. Mstari wa pointi tatu, 1979-80. Kumbukumbu za kila tukio, zinazoonyesha nani alikuwa uwanjani wakati gani, zinapatikana kuanzia 1996-97.

Sasa mweke Bill Russell, gwiji wa ulinzi wa Boston Celtics, kwenye PER, kipimo cha John Hollinger kinachojumlisha mema na mabaya ya mchezaji kwa dakika, wastani wa ligi ukiwa 15. Russell anapata 18.9. Alichukua ubingwa mara 11 katika misimu 13. Boban Marjanović, Mserbia mrefu wa mita 2.24 aliyekuwa akiingia dakika chache kwa mchezo, ana zaidi ya 20. Hakuna anayeamini hilo, na sababu yake inaonekana wazi: Russell alifunga asilimia 44 tu ya mitupo yake, nayo imeandikwa, bloku zake hazikuandikwa hata moja. Boban naye aliingizwa pale tu mpinzani alipomfaa.

Hata bloku zikiandikwa, tatizo halijaisha. Dikembe Mutombo wa Kinshasa ana bloku 3,289, wa pili nyuma ya Hakeem Olajuwon. Lakini mchezaji aliyeingia ndani, akamwona Mutombo, akarudisha mpira nje, hayumo kwenye karatasi yoyote.

Dawa iliyopendekezwa ni kuangalia timu inapata au kupoteza pointi ngapi mchezaji akiwa uwanjani, kisha kusahihisha kwa ubora wa wenzake na wapinzani. Ni wazo zuri, lakini wawili wakiingia na kutoka pamoja kila siku, hesabu haijui sifa ni ya nani, hivyo inawagawia. Msimu mmoja pia ni mfupi: wapinzani wakikosa mitupo ya mbali kwa bahati tu, beki anaonekana hodari. Na kwa Michael Jordan, data hizo zinashika misimu yake miwili ya mwisho Chicago na ile miwili ya Washington. Miaka yake bora haimo.

Kwa hiyo tumia vipimo hivi kupanga makundi, usipange namba moja hadi kumi. Kwenye mchango wa ushindi kwa kila dakika 48, kipimo kinachokadiria sehemu ya ushindi wa timu inayotokana na mchezaji, Jordan ana 0.250. David Robinson, aliyechezea San Antonio Spurs, naye ana 0.250.