Kigawo cha usalama sio nafasi ya tangi la pili

Jana hapa Mwanga, Kigoma, nimelisikia tena. Mwenye nyumba anataka kupandisha tangi la pili kwenye stendi ya chuma, fundi anamwambia weka tu mzee, injinia alishaweka fakta ya usalama karibu mbili, kwa hiyo inabeba mara mbili. Hapana jamani.

Kigawo cha usalama, ndiyo hiyo anayoiita fakta, ni namba unayoigawia nguvu ya chuma ili ujue unaruhusiwa kutumia kiasi gani. Chuma cha 275, yaani nyutoni 275 kwa kila milimita ya mraba kabla hakijaanza kuvutika bila kurudi, ukigawa kwa 1.67, ndiyo hiyo "karibu mbili" yake, unabaki na kama 165. Basi.

Na neno lenyewe linasema. Tuliosoma hesabu za msingi kwa Kiswahili tunaikumbuka KKS, Kigawo Kikubwa cha Shirika, kigawo ni kitu kinachogawa, kimetoka kwenye kugawa, ila ukisema "fakta" ukaishia hapo mtu anasikia kitu cha kuzidisha, anaona chuma kimeongezewa nguvu wakati kimepunguziwa ruhusa. Hata kanuni za Ulaya ambako kweli wanazidisha, wanachozidisha ni mzigo, 1.35 kwa uzito wa jengo lenyewe na 1.5 kwa vitu vinavyowekwa juu yake, chuma chenyewe hakiongezewi kitu.

Sasa ile iliyobaki kati ya 165 na 275 watu wanaiita akiba, na hapo ndo naumia, maana ina wenyewe tayari. Engo, kile chuma cha umbo la L, niliyouziwa kama ya milimita 5 nimeipima kwa kalipa ikasoma 4.4, hiyo imeshakula sehemu yake. Weldingi iliyopita juu juu inakula. Maji ya ovaflo yanadondokea mguu uleule kila siku, ukikwangua rangi kutu inabanduka kama magamba ya mgebuka, nayo inakula. Bado upepo wa ziwani.

Kuaminika ni jambo lingine tena. Stendi mbili zinaweza kuwa na 1.67 ileile, moja ya chuma kilichopimwa, nyingine ya chuma ambacho hakuna anayejua kilikotoka, na hazitakaa salama sawa, kwa sababu kuaminika kunauliza vipimo vinayumba kiasi gani na uwezekano wa kuanguka ni upi. Hao wa Ulaya kwa jengo la kawaida wanalenga kama 7 kwa 100,000 ndani ya miaka 50. Kigawo kikiwa peke yake hakikwambii hilo.

Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5 za maji matupu. Kwa hiyo fundi wangu, na weldingi yako ni safi nimeiona, mwambie tu mzee kwamba stendi hii imepigiwa hesabu ya tangi moja, la pili litengenezewe miguu yake.