Mkanda wa Tumboni na Pembe ya Mkunga: Dhana Potofu za Leba

"Dokta, mkaza mwanangu hajafungwa mkanda wa mashine. Au kwa kuwa sisi watu wa shamba?" Mama mtu mzima alinizuia mlangoni mwa wodi ya wazazi, chupa ya chai mkononi.

Dhana: bila mashine, mtoto hana mlinzi.

Mashine ile huchora kwenye karatasi mapigo ya moyo wa mtoto na mikazo ya mji wa mimba. Ina kazi yake pale penye hatari. Lakini kwa mama mwenye afya, ambaye uchungu umemwanza wenyewe, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 haushauri afungwe mkanda muda wote. Tafiti zilizolinganisha zimeonyesha kuwa degedege za vichanga hupungua, ila vifo na mtindio wa ubongo havipungui, na wanaopasuliwa huongezeka. Mstari ukishuka kidogo tu kwenye karatasi, daktari huingiwa na hofu akakimbilia kisu. Nami nimo.

Pembe ya Pinard, kipembe ambacho mkunga huweka tumboni mwa mama na kutega sikio asikie moyo wa mtoto, aliyoibuni Mfaransa wa jina hilo mwaka 1895, inatosha, mradi itumike. Njia ya uzazi inapofunguka, mtoto asikilizwe kila dakika 15 hadi 30. Mama anaposukuma, kila dakika 5. Tena dakika nzima au zaidi, mkazo ukiwapo mpaka angalau nusu dakika baada ya kuisha, na kidole kiwe kwenye mshipa wa mkono wa mama, mapigo yake yasije yakadhaniwa ya mtoto. Kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Kinachotuponza ni mkunga mmoja kugawanywa kwa wazazi wengi. Pembe ipo mfukoni, saa zinapita.

Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ilianza mradi wa PartoMa: kijitabu cha mwongozo kilichokatwa kwa kipimo cha wodi yenyewe, pamoja na mafunzo mafupi. Waliozaliwa wamekufa walishuka kutoka 59 hadi 39 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa.

Dhana: njia isipofunguka sentimita moja kila saa, itundikwe dripu ya uchungu.

Mwongozo huohuo wa 2018 unasema kasi hiyo si ya kila mama. Kama mama na mtoto wako salama, polepole si ugonjwa. Dripu ndiyo ya kuogopwa ikiharakishwa. Mtoto hupata hewa yake vizuri katikati ya mkazo na mkazo. Mikazo ikizidi mitano ndani ya dakika 10, hapati nafasi ya kupumzika.

Dhana: maji ya uzazi yakitoka ya kijani, kwa kinyesi cha mtoto, ni kisu moja kwa moja.

Hapana. Ni amri ya kusikiliza kwa karibu zaidi.

Yule mama nilimwingiza ndani, mkunga akamwelekeza pa kuweka sikio. Akakaa kimya, vidole vikihesabu mpaka vikamwishia.

"Mbio zote hizi?"

"Mia na arubaini, mama."

Akamimina chai, kikombe cha kwanza akampa mkunga.