Viwanda, Reli na Mto Msimbazi: Kwa Nini Mita 60 Si Hiari

Masika yakikaribia, malalamiko kutoka bonde la Msimbazi, jijini Dar es Salaam, huongezeka, na swali huwa lilelile: kwa nini mto unawafuata watu majumbani? Mto haujamfuata mtu. Unateremka kutoka vilima vya Pugu, unapita Tabata, Vingunguti na Kigogo, unafika Jangwani na kuingia baharini penye daraja la Selander.

Kilichosogea ni mji. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905, ilitoka bandarini kuelekea Pugu, na viwanda vikajipanga kando yake na kando ya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Nyerere. Ubungo, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mfanyakazi hutafuta chumba karibu na kazi apunguze nauli. Buguruni, Vingunguti na Manzese zilijaa namna hiyo. Viwanja vya juu vilipoadimika watu wakashuka bondeni, kwenye ardhi ya bei nafuu. Unafuu huo ulitokana na mafuriko. Yale ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wapo wanaojitetea kwa risiti ya kodi ya jengo, lakini risiti hiyo si kibali cha ujenzi, tumelieleza hili mara nyingi. Kiwanda nacho kinahitaji cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kujengwa, na kibali cha bodi ya maji ya bonde, inayosimamia maji ya mito, kabla ya kumwaga majitaka mtoni. Anayechafua mazingira anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 3 na isiyozidi milioni 50, kifungo kisichozidi miaka 12, au vyote viwili.

Wengi hudhani sheria hiyo ni ya wenye viwanda peke yao. Kutapisha choo, yaani kukifungulia kinyesi kichukuliwe na maji mvua inaponyesha, ni uchafuzi uleule, na kinyesi hicho huishia uani kwa jirani wa chini.

Ukiona bomba linamwaga maji yenye rangi au harufu, toa taarifa saa hiyohiyo kwa serikali ya mtaa, ukitaja mahali na muda. Sampuli ikichukuliwa maji yakishapita, mahakamani haisaidii.