Utafiti fuatilizi wa afya, uzee na kustaafu ni nini?

Mtu akistaafu mwaka huu na mwakani akagundulika ana kisukari, majirani watasema kustaafu ndiko kulikomponza: amekaa bure, mawazo yamemla. Huenda ni kweli. Huenda pia ugonjwa ulimwanza kimyakimya akiwa bado kazini, nguvu zikapungua, akaona heri aondoke mapema. Ukimhoji mara moja tu, baada ya yote kutokea, ni vigumu kujua kipi kilitangulia.

Utafiti fuatilizi uliundwa kwa ajili ya maswali ya namna hiyo. Watu wale wale huhojiwa tena na tena kwa miaka mingi, na maswali mengi hayabadilishwi. Utafiti wa kawaida wa kaya huchagua watu wapya kila awamu, kwa hiyo unaonyesha hali ya nchi ilivyo lakini si safari ya mtu mmoja mmoja. Ni kama kadi ya kliniki ya mtoto: uzito wa siku moja haumwambii muuguzi mengi, ila mstari ukianza kushuka anashtuka.

Mfano unaoigwa zaidi duniani ni utafiti wa afya na kustaafu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, maarufu kwa kifupi cha HRS. Ulianza mwaka 1992 na watu waliozaliwa kati ya 1931 na 1941, pamoja na wenzi wao. Siku hizi huwahoji watu wapatao 20,000 wenye umri wa zaidi ya miaka 50, kila baada ya miaka miwili, na kila miaka sita huingizwa rika jipya.

Nguvu yake iko kwenye mchanganyiko wa maswali. Mhojiwa anaulizwa magonjwa na dawa, na papo hapo mshahara, pensheni, madeni, nyumba, na watoto wanaomsaidia. Husomewa maneno kumi ayarudie, kisha baada ya dakika chache ayakumbuke tena. Hupimwa nguvu za kiganja na mwendo wa kutembea. Kuna hata swali la kukisia: kati ya 0 na 100, una uwezekano gani wa kufikisha miaka 75? Ungedhani ni swali la porojo, lakini waliotaja namba ndogo walikufa mapema zaidi, kwa wastani, kuliko waliotaja kubwa. Mtu akifariki, ndugu yake huombwa aeleze miezi ya mwisho ilivyokuwa.

Kwa kuwa fedha na afya zimo katika daftari moja, watafiti waliweza kuonyesha mwaka 2018 kwamba watu wa makamo na wazee waliopoteza robo tatu au zaidi ya mali yao ndani ya miaka miwili walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 50 hivi.

Faida nyingine ni kutenganisha umri na rika. Wapime kumbukumbu Watanzania wa miaka 75 na wa miaka 52, na huenda ukahitimisha kwamba akili hushuka sana katikati. Lakini wa miaka 52 walianza shule wakati wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, baada ya 1977. Wengi wa wale wakubwa hawakuwahi kuingia darasani. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya shule, na uzee unasingiziwa tu.

Udhaifu upo. Watu huhama, huchoka kuhojiwa, hufa, na wanaobaki mara nyingi ndio wenye afya, hivyo takwimu zinaweza kupendeza kuliko hali halisi. Kwa Afrika kuna kazi ya ziada. Muulize mkulima wa miaka 68 kama amestaafu, atakucheka. Afadhali umuulize ni lini aliacha kushika jembe mwenyewe akaanza kutafuta vibarua.

Kufuatilia watu huku kwetu kunawezekana. Utafiti wa Kagera, ambao haukuwa wa wazee hasa, ulianza 1991 ukarudi kwa watu wake 2004 na 2010, hata waliokuwa wamehamia Uganda. Kule Agincourt, Afrika Kusini, zaidi ya watu 5,000 wa miaka 40 na kuendelea waliingizwa katika utafiti dada wa HRS kuanzia 2014.

Chukua pensheni ya Zanzibar kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, iliyoanza 2016. Je, mzee anapoanza kuipokea hununua dawa zaidi, au watoto hupunguza wanachotuma? Kulijibu hilo vizuri, anatakiwa ahojiwe akiwa na miaka 68, kabla ya malipo ya kwanza, kisha ahojiwe tena akiwa na 71.