Cheti cha wiki 12 hakikufanyi COTA (msaidizi wa tiba kazi aliyefaulu mtihani wa taifa): soma hii kabla hujalipa chuo

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa nyie CNA (wasaidizi wa uuguzi) wa nasing homu mliochoka migongo na mnataka kupanda ngazi, naomba dakika zenu chache. Mimi ni mratibu wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo, kwenye programu ya wasaidizi wa tiba kazi (occupational therapy), chuo cha jamii, na tangu muhula uanze simu zinazoingia ofisini ni za jambo moja tu, matangazo ya kwenye magrupu ya WhatsApp yanayosema uwe msaidizi wa tiba kazi kwa wiki 12, onlaini, bila kuacha kazi. Naongea kwa ujumla hapa, sheria za kila jimbo ni zake, kwa hiyo mwisho wa siku thibitisha na bodi ya jimbo lako.

Juzi kaja dada mmoja na cheti kimepigwa plastiki, kizuri kabisa, anauliza ajiandikishe wapi kwa mtihani wa taifa. Nikamwambia dada, hebu soma hapa chini. Pameandikwa eidi (aide). Kalipia kozi ya eidi akidhani ni ya msaidizi, na pesa hairudi. Chuo sikitaji, maana si kimoja.

Eidi na msaidizi si kitu kimoja jamani! Eidi anafuta mikeka, anasukuma kiti cha magurudumu, anaandaa vifaa, mara nyingi anafundishwa hapo hapo kazini. Msaidizi ndiye anayekaa na mzee aliyepigwa kiharusi asubuhi na kumfundisha kuvaa shati upya, mkono uliopooza unaingia kwanza, ule mzima unafuata, na wakati wa kuvua ni kinyume chake, na hamvalishi, anakaa pembeni mikono kajizuia hata kama kifungo kimoja kinachukua dakika kumi. Hapo ndipo CNA wengi wanapata shida fildi, mmezoea kufanya haraka na kumaliza. Na neno kazi hapa halimaanishi ajira, hatumtafutii mtu kibarua, ni shughuli za mtu za kila siku, kuoga, kupika, kuandika jina.

Sasa njia yenyewe. Lazima programu iwe na ithibati ya ACOTE, baraza linalokagua programu za tiba kazi Marekani, na iwe ya wasaidizi, iwe ya ngazi ya asosieti, ambayo ndiyo ya wengi na huchukua kama miaka miwili, au ya digrii ya kwanza. Chuo kuwa na ithibati yake kama chuo haitoshi, hili nalirudia kila wiki, chuo kinaweza kuwa halali kabisa kwa mambo mengine yote na programu hii isiwe na ithibati ya ACOTE. Ingia kwenye orodha ya ACOTE wenyewe, usiangalie tangazo. Halafu soma hadhi. Kuna zilizo na ithibati kamili na kuna mpya ambazo bado ziko kwenye hatua za kuomba ithibati, hizi mpya si matapeli, ila ujue kwamba kama ithibati haitapatikana utamaliza masomo na mtihani hutafanya, kwa hiyo muulize mkuu wa programu kwa maandishi, barua pepe, si kwa mdomo, na jibu ulitunze.

Fildi ya mwisho ni wiki 16 kwa uchache, kwa kawaida ni muda wote na mara nyingi bila malipo. Saa zako za CNA hazihesabiki hata kama umefanya miaka kumi, msinibembeleze. Jipange kodi ya nyumba mapema, zifti za usiku halafu fildi asubuhi wengi zimewashinda. Vituo vinataka chanjo, ukaguzi wa rekodi ya polisi, na kipimo cha dawa za kulevya, na hapa bangi kuruhusiwa jimboni kwako hakubadilishi chochote, kituo kikikukataa mimi sina la kufanya.

Ukimaliza ndio mtihani wa taifa wa NBCOT, bodi inayotoa cheti cha COTA, saa nne, alama ya kupita ni 450 kwenye kipimo cha 300 hadi 600. Ukiwa na kesi ya zamani mahakamani, usifiche, NBCOT wana utaratibu wa kuipitia kesi yako mapema kabla hata hujaanza chuo. Kuficha ndiko kunakoharibu.

Kupita mtihani nako bado hakukuruhusu kugusa mgonjwa. Unaomba leseni ya jimbo, unasubiri, unaipata, ndipo unaanza. Kufanya kazi bila leseni kwenye majimbo mengi ni kosa la jinai, kuna faini, na bodi inaweza kukunyima leseni baadaye, na "bosi aliniambia nianze tu" si utetezi. Hata ukiwa nayo unafanya chini ya usimamizi wa mtaalamu wa tiba kazi, yeye ndiye anayefanya tathmini na kupanga matibabu, wewe unachangia na kutekeleza. Medicare, bima ya serikali ya wazee, kuanzia 2022 wanalipa asilimia 85 ya malipo ya kawaida kwa huduma ya msaidizi, na tangu Januari 2025 kwenye kliniki binafsi msimamizi si lazima awe ndani ya jengo, anaweza kupatikana kwa simu, ila jimbo lako likiwa na sheria kali zaidi unafuata ya jimbo.

Kwa mliosoma diploma ya tiba kazi KMTC Kenya au KCMC Moshi, nyie ni wataalamu na siyo wasaidizi, na mtihani wa COTA hauna mlango wa pembeni wa kuingilia "kwa kuwa ni mdogo". Unapokea waliomaliza programu za wasaidizi zenye ithibati ya ACOTE tu. NBCOT wana utaratibu tofauti wa kupima waliosomea utaalamu nje, anzieni huko.

Msaada wa ada wa serikali, wenye grini kadi na wakimbizi wanaweza kuomba kwa fomu ya FAFSA, wa viza ya mwanafunzi ya F-1 hapana.

Na ukinipigia simu, nitajie jina la programu na jimbo lilipo kama yalivyoandikwa kwenye orodha ya ACOTE. Skrinshoti za matangazo msinitumie, simu imejaa.