Skwati Hazipanui Kiuno, na Mengine Tunayodanganyana Jimu

Fundi wangu wa nguo yuko Majengo, na kama kuna mtu anayeyajua maumbo ya wapiga chuma wa Dodoma, ni yeye, si sisi makocha. Anayeshika mazoezi ya miguu kwa bidii humrudia baada ya miezi kadhaa na shida ileile: suruali inakwama mapajani, kiunoni inapwaya. Fundi anafumua mshono wa paja na kukunja wa kiuno. Ushahidi huo unapita kwenye cherehani yake mwaka mzima, lakini ukiingia jimu bado utaambiwa kinyume.

"Kocha, skwati niondolee, zitanipanua kiuno." Hii naisikia sana kutoka kwa akina dada, na siku hizi hata kwa vijana wanaotaka mwili wa herufi V. Skwati ni kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na mzigo. Sasa tuangalie kinachotokea. Ukiweka chuma mgongoni, misuli ya tumbo na ya ubavuni inakaza ili kuushikilia uti wa mgongo, kama mtu anayesubiri kupigwa ngumi ya tumbo. Inakaza tu pale pale ilipo. Paja na kalio ndivyo vinavyokunjwa na kunyooshwa na mzigo, kwa hiyo ndivyo vinavyojaa. Ubavu ukiongezeka ni kidogo sana, na kwa kuwa makalio yamejaa chini yake, kiuno kinaonekana chembamba kuliko mwanzo.

Dhana yenyewe imetoka wapi? Watu huwatazama wanyanyuaji wa uzito wa juu, wale wenye viuno kama magunia ya mahindi ya Kibaigwa, wakahukumu chuma. Wanasahau kwamba uzito wa mwili unawasaidia wanyanyuaji hao, hivyo wanakula ili waongezeke, na kwamba aliyezaliwa na kiwiliwili kipana ndiye anayedumu kwenye mchezo ule. Halafu kuna njaa. Skwati zinaleta njaa ya ajabu. Mtu anatoka jimu saa mbili usiku, anapitia chipsi mayai na soda, akifika nyumbani ugali unamsubiri. Baada ya miezi mitatu kiuno kimeongezeka kweli, na kesi anapewa skwati.

Zoezi linaloweza kuongeza unene wa ubavuni ni lile ambalo wengi wanalifanya wakitaka kiuno kipungue: kuinama upande huku na huku umeshika dambeli. Ule ni msuli kama wa mkono. Ukiupa mzigo unaozidi kila wiki, utakua, na utakua kuelekea nje. Kinachochekesha ni wanaoshika dambeli mbili, moja kila mkono. Zile zinasawazishana kama ndoo mbili za maji, ubavu haupati kazi ya maana. Hao angalau hawajiharibii umbo, wanapoteza muda tu.

"Piga tumbo, kitambi kitayeyuka." Mwaka 1984 ilichapishwa kazi ya watafiti wa Marekani waliowafanyisha wanaume 13 mazoezi ya kujikunja tumbo kwa siku 27, jumla mikunjo 5,004 kwa kila mtu. Walichukua chembe za mafuta tumboni, mgongoni chini ya bega, na kwenye kalio. Chembe zilipungua ukubwa sehemu zote tatu kwa namna moja. Tumbo lililoteseka halikupata upendeleo wowote. Misuli iliyo chini ya kitambi haichomi mafuta yaliyo juu yake. Mwili huchota mafuta kokote unakotaka.

Mkanda wa kubana tumbo na nailoni za kujizungushia? Jasho ni maji. Ukinywa maji, yanarudi. Na mkanda ukiuvua, kiuno kinarudi kilipokuwa.

Tuje kwenye kuzaliwa, maana hapa kuna dhana mbili zinazopigana na zote zina kasoro. Moja inasema kila mtu anaweza kuwa na kiuno cha nyigu akijituma. Hapana. Upana wa nyonga ni mfupa, upana wa mbavu ni mfupa, na umbali kati ya ubavu wa mwisho na nyonga ndio nafasi pekee ambayo kiuno kinaweza kuingia ndani. Mwenye kiwiliwili kifupi nafasi hiyo ni vidole viwili vitatu, na hakuna kocha wa kuirefusha. Hata ile migawanyiko ya tumbo tunayoisaka inatokana na kano ulizozaliwa nazo: mwingine anatoa sita, mwingine nane, mwingine zimekaa upogo.

Mafuta nayo yana ramani ya ukoo. Kule Kanada walichukuliwa jozi 12 za pacha wa kufanana, wote vijana wa kiume, wakalishwa kalori 1,000 za ziada kila siku, kwa siku 84 ndani ya siku 100. Matokeo yalitoka 1990. Kwa wastani waliongezeka kilo 8.1, ila mmoja aliongezeka kilo 4.3 na mwingine 13.3 kwa chakula kilekile cha ziada. Pacha walifanana na wenzao, hata kwenye sehemu mafuta yalipojikusanya. Kwa hiyo rafiki yako anayekula nyama choma kila Ijumaa bila kuota kitambi hakufichi siri yoyote ya mazoezi.

Dhana ya pili ni ya waliokata tamaa: "ukoo wetu wote ni wa vitambi." Pacha wale walinenepa kwa sababu walilishwa. Ukoo unaamua mafuta yatakaa wapi, hauyatengenezi bila chakula. Na umbo analoliona hakimu jukwaani ni uwiano. Mtunisha misuli wa Marekani, Frank Zane, alichukua Mr. Olympia, shindano kubwa la kutunisha misuli, 1977, 1978 na 1979 akiwa na chini ya kilo 90, mbele ya watu wazito kuliko yeye. Alijulikana kwa pozi la kuvuta tumbo ndani mpaka mbavu zinatokeza. Pozi hilo linafundisha msuli wa ndani unaozunguka tumbo kama mshipi, likakusaidia kulibana ukiwa umesimama. Mfupa halipunguzi, mafuta haliyagusi.

Kijana mmoja wa hapa kwetu mwenye nyonga pana alinijia akitaka tupunguze kiuno. Tulipiga mabega, tukapiga mgongo kwa kujivuta kwenye bomba, na ugali wa usiku ukashuka hadi nusu. Baada ya mwaka alipeleka shati kwa fundi wa Majengo. Fundi alimzungushia futikamba kiunoni, akaangalia daftari lake: sentimita mbili tu zimepungua. Mabegani ilibidi akate kitambaa kipya.