Sifuri ya psql Haithibitishi Kitu

Masika yanapoanza na kampuni za watalii hapa Arusha zinapopumua kidogo, ndipo wenye mifumo hukubali seva izimwe usiku mmoja ili hifadhidata ipandishwe toleo. Ndipo pia zinapoanza kuingia simu zenye sentensi ile ile, na safari hii imetoka Moshi, kwa kijana mwerevu anayetunza mfumo wa wanunuzi wa kahawa: “Shikamoo kaka. Skripti imeisha vizuri, imerudisha sifuri, ila jedwali la malipo silioni.” Mtu ameshajionea mwenyewe kwamba jedwali halipo, na bado anatanguliza habari ya sifuri, ile namba ambayo programu huiacha inapomaliza na ambayo kwa kawaida huchukuliwa kuwa mafanikio, kana kwamba mashine ikishatamka sifuri basi jedwali ndilo lenye kosa. Nimemjibu kwa upole. Hapa nitajibu kwa urefu, na upole utakuwepo panapowezekana.

Nipite haraka kwenye yanayojulikana. Mradi wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata tunayoizungumzia, hulihudumia kila toleo kubwa kwa miaka 5. La 12 lilifikia mwisho Novemba 2024 na la 13 Novemba 2025, kwa hiyo kupanda si jambo la hiari. Wengi hutumia pg_upgrade, zana ya kupandisha toleo, ambayo ilianza maisha kwa jina la pg_migrator na kuingizwa rasmi pamoja na toleo la 9.0 mwaka 2010. Jambo linalosahauliwa ni kwamba pg_upgrade ni kama msimamizi wa ujenzi, kwa maana kazi nyingi huwapa mafundi wengine. Huiita pg_ctl iwashe na kuzima seva, huiita pg_dumpall ichukue majina ya watumiaji na ruhusa zao, huiita pg_dump ichukue muundo wa kila hifadhidata, kisha psql, programu ya kupeleka amri za SQL kwa seva, na pg_restore ziyarejeshe hayo yote upande wa pili. Kila mmoja wa mafundi hao ni programu inayojitegemea, yenye njia yake ya kulalamika, na msimamizi hana analolijua kuhusu kazi yao isipokuwa namba waliyoiacha wakati wa kutoka na maneno waliyoyaandika kwenye logi.

Sasa hiyo namba. Kila programu hujiamulia yenyewe maana ya namba inayorudisha, na uamuzi huo umeandikwa kwenye mwongozo ambao watu hawaufungui. Psql hurudisha 0 ikiwa imemaliza kawaida, 1 ikiwa yenyewe imepatwa na kosa kubwa kama vile kukosa faili iliyoambiwa isome, 2 ikiwa muunganisho na seva umekatika, na 3 ikiwa amri iliyomo ndani ya skripti imekosea na kigezo cha ON_ERROR_STOP kimewashwa. Tafadhali isome tena sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo. Kigezo hicho hakijawashwa ukiikuta psql ilivyo. Ukiipa psql faili yenye amri elfu moja kwa njia ya -f, na amri mia tisa zikakataliwa na seva, psql itayachapa makosa mia tisa, itafika mwisho wa faili, na itarudisha sifuri, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusoma faili hadi mwisho na imeisoma. Haijakudanganya, maana hukuiuliza kama amri zilikubaliwa.

Kuna wanaodhani wamejikinga kwa kutumia --single-transaction, inayoziweka amri zote katika muamala mmoja, yaani ziingie zote au isiingie hata moja, na hapa ndipo ninapopandwa na hasira kidogo, kwa sababu hatua hiyo peke yake huzidisha tatizo. Amri moja ikikosea, muamala wote unaharibika. Kila amri inayofuata inakataliwa. Mwishoni psql inatuma COMMIT, amri ya kuthibitisha, nayo seva, kwa adabu zake, inaigeuza kuwa ROLLBACK, amri ya kutengua yote. Hakuna hata safu moja iliyoingia, na kama ON_ERROR_STOP haikuwashwa, namba ya kutoka ni sifuri. Yaani umetoka kwenye kushindwa nusu nusu ukaingia kwenye kushindwa kabisa, huku ripoti ikiwa ile ile.

Pg_restore, iliyotoka nyumba moja na psql, ina tabia tofauti. Nayo ikikuta kosa huendelea mbele, lakini huhesabu makosa iliyoyapuuza, huyataja mwishoni, na hurudisha 1. Kwa hiyo watu wale wale wanaoiamini sifuri ya psql huja kulalamika kwamba pg_restore “imefeli” wakati kilichotokea ni onyo kuhusu kitu kilichokuwepo tayari. Waliotengeneza pg_upgrade walilijua jambo hili vizuri: wanapoiita psql huipa ON_ERROR_STOP na kuikataza kusoma .psqlrc, faili ya mipangilio ya mtumiaji, na wanapoiita pg_restore huipa --exit-on-error. Skripti zetu za mtaani hunakili jina la programu na kuyaacha masharti yake.

Halafu kuna bomba, ile alama ya `|` inayopeleka matokeo ya amri moja kwenye nyingine. Mtu anaandika amri, anaongeza `| tee logi.txt` ili aone maandishi kwenye skrini na kuyahifadhi kwa wakati mmoja, kisha anakagua namba ya kutoka. Namba hiyo ni ya tee. Tee imefanikiwa kuandika faili, na mara nyingi ilichofanikiwa kukiandika ni taarifa ya kushindwa kwa amri iliyotangulia. Nakala rudufu za `pg_dumpall | gzip` zina ugonjwa huo huo: pg_dumpall inanyimwa ruhusa kwenye jedwali la kwanza, gzip inabana kilichofika, na asubuhi kuna faili yenye tarehe sahihi, jina sahihi, na karibu hakuna kitu ndani. Kwenye sheli ya bash dawa ni `set -o pipefail`, inayofanya bomba lote lihesabiwe limeshindwa amri yoyote ndani yake ikishindwa. Skripti yako ikianza na /bin/sh kwenye Ubuntu, unayeongea naye ni dash, sheli nyingine ndogo, na dash iliyoko kwenye seva nyingi haikitambui kigezo hicho. Angalau huikataa waziwazi, jambo ambalo ninalishukuru.

Wanaoandika zana zao wenyewe kwa C wana mtego wa ziada. Kitendaji system(), kinachoendesha amri ya nje, hakirudishi namba ya kutoka bali hali ya mchakato, ambamo namba ya kutoka imewekwa kwenye biti nane za juu. Kwenye Linux, amri iliyotoka na 1 hukufikia kama 256. Ukiichukua 256 hiyo na kuitoa kama namba ya kutoka ya programu yako, mfumo hubakiza biti nane za chini tu, na biti nane za chini za 256 ni sifuri. Kushindwa kumegeuka kuwa mafanikio bila mtu yeyote kuandika uongo. Tumia WIFEXITED na WEXITSTATUS kuipata namba halisi, na usisahau WIFSIGNALED, inayoonyesha kama mchakato uliuawa kwa ishara, kwa sababu wakati system() inasubiri, mchakato mzazi hupuuza Ctrl-C. Mtoto anakufa na zana yako inaweza kuendelea na hatua inayofuata kama hukuangalia. Upande wa sheli, mchakato uliouawa kwa ishara huonekana kama 128 kujumlisha namba ya ishara, kwa hiyo ukiona 137 kwenye seva ndogo yenye kumbukumbu haba, tazama kwanza kama kerneli ya Linux ndiyo iliyoiua amri kwa kukosa nafasi. Nayo 127 mara nyingi ni amri isiyopatikana, kwani kwenye Debian na Ubuntu pg_ctl hukaa /usr/lib/postgresql, chini ya folda ya toleo lake, nje ya njia za kawaida.

Kuna pia ujumbe maarufu wa “kosa: Success”. Huo hutokea pale mwandishi wa zana anapochapa maelezo ya errno, namba ya kosa la mwisho la mfumo, baada ya amri ya nje kushindwa. Errno hueleza kwa nini system() yenyewe ilishindwa kuanzisha mchakato, yaani iliporudisha -1. Haijui lolote kuhusu sababu za pg_dump kuanguka. Mbaya zaidi kuliko “Success” ni errno iliyobaki kutoka hatua ya nyuma, inayokwambia faili haipo, nawe ukaitafuta faili hiyo hadi adhana ya alfajiri.

Kuhusu logi nitasema yale tu yanayonikera. Tangu toleo la 15, pg_upgrade huweka faili zake kwenye pg_upgrade_output.d ndani ya saraka ya data ya seva mpya, katika folda ndogo yenye muda wa jaribio, na huzifuta ikifanikiwa isipokuwa umeipa --retain. Kabla ya hapo zilimwagwa kwenye saraka uliyosimama. Jaribio likishindwa, huambiwa utazame mistari ya mwisho ya faili fulani ili kujua chanzo kinachodhaniwa cha kosa, na watu huuruka upole uliomo katika maelezo hayo. Zana imesema inadhani. Seva isipowaka, logi ya amri itakuambia tu kwamba pg_ctl haikuweza kuiwasha. Sababu halisi imo kwenye pg_upgrade_server.log, na huenda ni kiendelezi kisichopatikana au njia ya soketi iliyozidi urefu unaoruhusiwa, ambao kwenye Linux ni baiti 107. Faili ya pg_upgrade_dump_16384.log nayo ni ya hifadhidata yenye OID, yaani namba ya utambulisho ya ndani, 16384, na jina la hifadhidata hiyo utalipata kwenye pg_database. Kijana wa Moshi alikuwa anasoma faili yenye namba 1, ambayo ni template1, kiolezo cha hifadhidata mpya, akiona kila kitu kimenyooka.

Ukiandika logi yako mwenyewe, andika kwanza amri kamili, mwaga bafa (kumbukumbu ya muda ya maandishi yanayosubiri kuandikwa), funga faili, ndipo uiite programu. Matokeo ya kawaida yakielekezwa kwenye faili hukusanywa kwenye bafa kwa mafungu, ilhali makosa hutoka papo hapo, kwa hiyo mstari wa kosa unaweza kutangulia kazi iliyolisababisha. Na mpangilio wa kuelekeza una maana: `>> logi 2>&1` huyapeleka yote mawili kwenye faili, lakini ukiandika `2>&1 >> logi` makosa yanabaki kwenye skrini, na logi inakuwa safi kwa sababu isiyo ya kujivunia.

Amri kamili ikiandikwa kwenye logi, neno la siri likiwa ndani yake litaandikwa pia. Liweke kwenye .pgpass, faili ya maneno ya siri, yenye ruhusa ya 0600, yaani mwenyewe tu ndiye anayeisoma na kuiandika. Majina nayo yapitishwe kwenye kitendaji cha kuweka alama za nukuu, hata kama unaapa kwamba hakuna mteja atakayeita hifadhidata yake kwa jina lenye nafasi au alama za ajabu. Agosti 2016 mradi ulirekebisha CVE-2016-5424, udhaifu uliowezesha jina la hifadhidata au la mtumiaji kubeba amri ambazo zingetekelezwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wakati wa kazi kama za pg_dumpall.

Yapo mambo ambayo bado sijayatolea uamuzi. Sijui kama zana inapaswa kusimama kwa kila onyo: nikiisimamisha, watu huzoea kuiwekea kigezo cha kupuuza na huo ndio mwisho wa maonyo, nisipoisimamisha, onyo moja la maana huzama katikati ya mia yasiyo na maana. Sijui pia kama ni busara kufuta logi baada ya mafanikio, kwa kuwa mafanikio yenyewe yamepimwa kwa namba tuliyokwisha kuijadili. Mimi huweka --retain kila mara na kugombana na nafasi ya diski baadaye. Na baada ya kila kazi huhesabu safu za majedwali yenye pesa pande zote mbili, kwa mkono, jambo ambalo hakuna mwongozo unaolitaka.

Kwa hiyo utakaponipigia, nitumie folda nzima ya pg_upgrade_output.d kabla hujajaribu tena, pamoja na amri uliyoiandika neno kwa neno. Ikiwa ulitumia --link, inayoshirikisha faili zile zile badala ya kuzinakili, niambie kwanza kama seva mpya imewahi kuwashwa. Kama haijawashwa, ya zamani inaweza kurudi kwa kuondoa .old kwenye jina la pg_control iliyomo ndani ya global. Kama imewashwa, usiiguse ya zamani, andaa nakala rudufu, na tunatumaini haikupitia kwenye gzip bila pipefail.